Harufu ya Mpira kwenye Gari la Baba

Kaka yangu mtaani hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Pua. Hakupewa jina hilo kwa ukubwa, maana pua yake ni ya kawaida tu, kama yangu na kama ya marehemu baba. Alilipata kwa kazi. Ukipeleka gari lenye tatizo kwa fundi mwingine, anakimbilia spana. Kaka yeye anakuambia uzime injini, unyamaze, na kama umejipulizia manukato usogee kule ukutani. Halafu anainama. Ananusa gurudumu moja moja, ananusa chini ya boneti, anachuchumaa nyuma kwenye bomba la moshi kama mama anayemnusa mtoto mdomo kujua kama amekula udongo. Akiinuka, kazi imekwisha. "Klachi," anasema, na kweli ni klachi.

Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto, kwa hiyo mnisamehe nikianza kwa kumsifu. Sina nia ya kumsifu. Nina hasira naye mpaka leo, na sitaifunika hapa hasira hiyo. Ila siwezi kueleza alichonifanyia kabla sijaeleza alikuwa fundi wa namna gani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuungua kuna namna nyingi. Mkanda wa feni ukilegea ukaanza kuteleza, harufu yake inakuja na mlio, tena inakuja mapema, hata gari halijatoka uani. Klachi inanuka kama karatasi nzito iliyosahaulika juu ya jiko, na utaisikia ukipanda mlima. Breki ikishika ikakataa kuachia, gurudumu lake huwezi kuligusa kwa mkono. "Usikimbilie kubadilisha vitu," alikuwa akiniambia. "Jiulize kwanza, harufu inaanza lini, na inaisha lini?" Maneno ni yake mwenyewe, hayo. Angejua nitakuja kuyatumia wapi, asingenifundisha.

Baba alikuwa fundi kabla yetu. Gereji ile ni yeye aliyeijenga: uwanja, ukuta upande mmoja, paa la bati, na shimo la matofali la kuingilia chini ya magari. Alitufundisha wote wawili, Kaka na mimi, ingawa watu walimcheka kwa kumshikisha binti spana. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa waya. Fundi yeyote hufunga kitu kwa waya, bolti ikipotea au kishikizo kikikatika. Wengi wakishasokota wanakata na kuacha ncha zimesimama, na kila mmoja wetu ana kovu la ncha ya mtu mwingine mkononi. Baba hakuruhusu. Ukishasokota na kukata, ulichukua koleo, ukaikunja ncha ya kwanza kuelekea ndani, kisha ukailaza ya pili juu yake, mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. "Kunja ncha," alikuwa akisema. "Kuna mkono unakuja nyuma yako."

Tulikunja. Ukisahau, alikufungulisha kazi yote uanze upya, hata mteja awe amesimama mlangoni ananung'unika. Mwisho vidole vyetu vikazoea, vikawa vinakunja vyenyewe huku sisi tunapiga soga. Mafundi wengine waliona ni kupoteza muda. Sijawahi kuona fundi mwingine akifunga hivyo, na magari niliyolala chini yake si haba.

Baba alipofariki, gereji ilimwendea Kaka, gari likaja kwangu. Alivyotaka ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyebisha. Kaka alisimama mbele ya ndugu wote akasema, "Gari ni la mdogo wangu, na mimi nitalitunza mpaka nizikwe." Shangazi akafuta machozi. Mimi nililia waziwazi, nikaona nina kaka ambaye watu wengine wangempata kwa kuomba.

Gari lile ndilo lililonilisha. Nilikuwa nawabeba wagonjwa, wale wasioweza kusukumana kwenye mabasi, nawapeleka kliniki na kuwarudisha majumbani kwao. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kifua kibovu ambaye aliniita mjukuu wake na kukalia kiti cha mbele kama chake. Siku moja, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya magari, bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani anachoma viatu humu ndani?"

Nilisikia na mimi. Mpira unaoungua, mzito, unaopanda kutoka chini ya miguu. Nikampeleka bibi kwake, nikageuza gari moja kwa moja mpaka gereji.

Kaka akazunguka gari, akanusa kama kawaida yake. "Mkanda," akasema. Akabadilisha mkanda. Pale uani harufu hakuna, nikamshukuru, nikaondoka. Nilipofika katikati ya mji, gari likishapata moto, ikarudi. Nikarudi na mimi. Safari hii akasema breki ya nyuma inashika, akaifungua, akaisafisha, akaipaka grisi. Harufu ikaja tena, mbichi kuliko ya kwanza. Akasema labda oili inadondoka. Akasema labda ni nyaya. Kila wiki nilikuwa naliacha gari kwake asubuhi, nalichukua jioni, na kila nilipolichukua alinipigapiga begani na kuniambia, "Jikaze, mdogo wangu. Magari nayo yanazeeka."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo roho inaponiuma. Mimi sikumshuku. Haikunijia hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba pua ya Kaka imekufa.

Wifi yangu alikuwa ameniambia mumewe ameugua mafua mazito na hasikii ladha ya chakula. Nikaunganisha mambo. Nikamwona anavyoinama kwenye gurudumu, anavyofumba macho, halafu anasema kitu ambacho si chenyewe, nikamhurumia. Mtu mzima, jina lake lote ni pua, na pua yenyewe imemtoka. Nilifanya nini? Nilimficha. Wateja wakiniuliza, nilisema Pua analishughulikia, ni jambo dogo. Mtoto wa mgonjwa mmoja alipokuja kuniambia kwamba wamepata gari lingine lisilonuka, nilimtakia heri. Nilimweleza wifi peke yake, jikoni kwake, tukiwa tunamenya viazi, nikamsihi asimwambie mumewe. Sikutaka ajue kwamba nimejua.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa fundi mwingine. Katika familia yetu hilo halikuwa jambo la kufikiria. Gari la Baba kushikwa na mkono wa nje, na Kaka yupo hai? Watu wangesema tumegombana. Yeye mwenyewe angevunjika vibaya. Kwa hiyo nilikaa na harufu yangu.

Kisha siku moja bibi wa kliniki akakohoa humo garini mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilisimamisha gari, nikafungua milango yote, nikampepea kwa kitambaa changu cha kichwa. Alipopata pumzi, akanishika mkono akasema, "Si kosa lako." Nilikwenda kwa Kaka, nikamwambia nimeshindwa.

Akaifunga boneti taratibu. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Niachie mimi," akasema. "Jumamosi nitakuja na mnyororo, nilivute mpaka hapa, kinachofaa nikitoe kiwe vipuri. Wewe umechoka. Wifi yako anatafuta mtu wa kukaa naye dukani, utapata pa kukaa." Akaniambia nimwandalie karatasi za gari.

Nikakubali. Mimi, ninayegombana na askari wa barabarani, nikakubali kwenda kukaa nyuma ya kaunta ya wifi yangu nipime sukari, kwa sababu kaka yangu alisema gari limekufa. Niliingia ndani ya gari lile, nikaegemea usukani, nikalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

Ijumaa nilikwenda kumuaga bibi. Nilitaka nimwambie uso kwa uso kwamba atafute dereva mwingine. Njiani gurudumu la mbele likawa limepungua upepo, nikaingia kwa Kiraka, yule mziba pancha wa pale kona, anijazie. Kiraka ni mtu wa maneno machache, siku nzima amekaa na pasi yake ya moto anaziba tyubu za baiskeli na za mikokoteni. Alipiga goti karibu na gurudumu, akakaza pua, akaniangalia.

"Dada, umebeba tyubu humu?"

"Tyubu ya nini? Huo ni mkanda. Au breki. Kaka yangu ameshasema."

"Kaka yako Pua?"

"Kwani nina mwingine?"

Kiraka akatikisa kichwa. "Mimi nachoma tyubu tangu nikiwa kijana. Mke wangu haniruhusu niingie ndani na shati la kazini. Hiyo ni tyubu, dada."

"Magurudumu yangu hayatumii tyubu," nikamjibu, na nilimjibu vibaya, kwa sababu nilihisi anamsema Kaka.

"Basi kuna mtu amekupa moja," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilitaka niondoke kwa hasira. Niliwasha gari, nikalizima. Yale maneno ya Kaka yalinijia kichwani kwa sauti yake mwenyewe: inaanza lini, inaisha lini? Nikajibu. Inaanza siku ninayolitoa gereji, baada ya gari kupata moto. Inapungua kila siku inayopita. Wiki ikikaribia kuisha haisikiki sana, kama kitu kinachoungua mpaka kinakwisha. Ninalipeleka kwa Kaka. Inaanza upya.

Nilimwomba Kiraka jeki na vigingi vya kulishikilia gari. Tukasubiri bomba la moshi lipoe. Akanitandikia katoni chini, nikalala chali na gauni langu la kwendea kliniki, nikaingia chini ya gari. Chini ya sakafu ya gari lile kuna bati linalokinga joto la bomba lisipande ndani. Nikaona bolti yake moja haipo, na bati limeachana kidogo, kiasi cha kupitisha vidole. Nikatoa kioo changu kidogo cha poda, nikamulika kwa simu. Kati ya bati na bomba kulikuwa na kitu cheusi kimejikunja, kimeyeyuka upande mmoja.

Nikaingiza mkono. Kilikuwa kimefungwa kwa waya. Nilipapasa fundo nitafute mahali pa kulegezea, kidole kikapita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hakikusikia ncha. Nikapitisha tena. Zilikuwa zimekunjwa kuelekea ndani, moja imelazwa juu ya nyingine.

Nilijua kabla sijakitoa. Nilibaki nimelala pale chini, mkono ukiwa ndani ya gari la baba yangu, na nilichokuwa nataka ni kutokujua. Ningekuta ncha zimesimama, zikanichana mpaka mfupani, ningetoka pale nikicheka.

"Umepata?" Kiraka aliuliza kutoka juu.

"Nimepata."

"Ni nini?"

"Ni tyubu," nikasema. Habari ya waya sikumwambia. Nilikuwa namwonea Kaka aibu, hata wakati huo, mbele ya mziba pancha.

Nililiendesha gari mpaka kwa bibi, nikampandisha, nikampeleka kliniki na kumrudisha. Alivuta pumzi njia nzima, akasema leo humu ndani kuna hewa. Sikumuaga.

Jumamosi Kaka alikuja na mnyororo begani, anapiga mluzi. Nilikuwa nimemwekea chai. Karatasi za gari zilikuwa mezani, na juu yake niliweka kile kipande, tyubu na waya wake, kama kilivyotoka. Aliketi, akanyoosha mkono kuchukua karatasi, mkono ukasimama hewani.

"Nini hiki?"

"Nusa," nikamwambia.

Hakunusa. Alikiangalia, akaniangalia, akakunja uso. "Umelipeleka gari la Baba kwa fundi mwingine?" Yaani yeye ndiye aliyeudhika. Mpaka leo nikikumbuka sura ile najikuta nacheka peke yangu, na si kicheko cha furaha.

"Nimelala chini yake mwenyewe."

"Watu wabaya wamejaa mjini. Mtu yeyote anaweza kufunga waya."

"Angalia ncha, Kaka."

Akakichukua. Akapitisha kidole gumba juu ya fundo, kama nilivyopitisha mimi, na nikaona uso ukimsawijika. Nadhani alikuwa hajui. Nadhani alilala chini ya gari langu kila wiki akafunga kitu cha kunimaliza, na vidole vyake vikakunja ncha bila kumuuliza. Akakiweka chini polepole.

Alisogeza kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Injini ile niliishusha mimi na kuipandisha mimi, Baba akiwa haoni tena. Kila bolti naijua. Halafu wewe ndiye uliyepewa funguo."

"Ungeniomba."

"Nimwombe mdogo wangu gari la baba yangu?"

"Kwa hiyo ukaona bora bibi wa watu akohoe mpaka afe ndani yake."

"Niliweka kipande kidogo tu. Sikutaka mtu aumie."

"Kila wiki, Kaka. Kila wiki uliniona, ukaniambia nijikaze." Sauti ilinikatika hapo, nikachukia kwamba imenikatika mbele yake. "Mimi nilidhani pua yako imekufa. Nimepoteza wateja nikikuficha. Nimewadanganya watu usije ukaaibika. Nilikuwa nakulilia wewe, unajua hilo?"

Akainua macho. Nilitegemea ataniomba radhi, na nawaambia ukweli, angeniomba wakati ule ningemsamehe. Naujua mimi moyo wangu, kelele nyingi lakini hauna kufuli.

"Nilijua," akasema. "Wifi yako aliniambia. Nikaona kama unaamini hivyo, basi hutaniuliza."

Gari ningemsamehe. Harufu, wateja, aibu, vyote hivyo vina mahali pa kuviweka. Lakini alipewa habari kwamba namhurumia, akaitumia ile huruma kama jeki, akanyanyulia mzigo wake. Nikasimama, nikafungua mlango. Akachukua mnyororo wake, na safari hii hakuuweka begani, aliuburuta mpaka barabarani, na majirani wote wakageuka kuangalia.

Mtaani bado wanamwita Pua, na bado ni fundi mzuri. Ukiniuliza nani atakutengenezea klachi, nitakuelekeza kwake, kwa sababu sitaki kusema uongo. Akinikuta njiani ananisalimia, nami naitikia. Watu wanasema tumepatana.

Jumapili yake niliingia chini ya gari kulifunga lile bati, maana lilikuwa linagonga, na bolti aliyoitoa sikuiona. Nikapitisha waya, nikasokota, nikakata. Nikaziangalia zile ncha mbili zimesimama, nikaona niziache, zisimame hivyo hivyo, atakayekuja akatwe. Nikatoka chini ya gari, nikaketi kwenye ngazi ya mlango, nikafikiria ni nani huyo atakayekuja. Gereji ya Baba sitalipeleka tena. Kwa fundi wa nje siwezi, hata sasa siwezi.

Nikachukua koleo, nikarudi chini, nikazikunja. Mkono unaokuja nyuma yangu ni wangu mwenyewe.